Majina Matatu ya Paulina

Ukiteremka barabara ya Iringa kutoka Dodoma mjini ukafika Mpunguzi, uliza nani anajua kupogoa mizabibu. Utaelekezwa kwa Zablon. Na huyo anayekuelekeza atakuambia hapo hapo, hata kama hukumuuliza, kwamba ndiye yule aliyemwacha mkewe kwa sababu ya nyota. Sifa hizo mbili zinakwenda pamoja. Ya kwanza aliipata kwa jasho lake. Ya pili aliwapa watu mwenyewe, wakaipokea, wakaitunza miaka kumi na miwili, na ilikuwa uongo.

Kupogoa si kukata tu. Ukizidisha mkasi, shina linatoka maji siku tatu na msimu unakupita. Ukilionea huruma, unavuna majani ya kulisha mbuzi. Zablon alikuwa akisimama mbele ya shina, mkono mmoja mfukoni, analitazama, kisha anakata mara tatu au nne, basi. Nyuma yake alikuja Paulina na kamba za katani begani, akifunga kwenye waya matawi yaliyobaki. Walifanya hivyo tangu walipofunga ndoa mwaka tisini na sita. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Mpita njia angesikia mkasi, kimya, mkasi tena, na baada ya muda Paulina akikohoa. Walikuwa na mtoto mmoja, Gladness. Mimba mbili zilizofuata zilitoka, na Zablon hakuwahi kumlaumu mkewe kwa hilo. Nalisema mapema ili asije akaonekana mnyama. Hakuwa mnyama. Alikuwa mtu wa kawaida aliyetaka kitu, akaona haya kukitaka.

Paulina, kama wengi wa rika lake huko Ugogo, alikuwa na majina zaidi ya moja. Alizaliwa mwaka wa njaa ya sabini na nne, mama yake akamwita Nzala, yaani njaa hiyo hiyo. Jina halikumkaa. Mtoto alilia usiku na mchana, ziwa akalikataa, mpaka mganga akaulizwa, naye akasema ni bibi mzaa baba anayetaka jina lake litajwe. Wakambadilisha, wakamwita Matika, akanyamaza. Nzala likawa limeishi siku arobaini tu. Halikutajwa tena, maana jina lililokataliwa na mtoto si jina la kuchezea. Alipofika miaka kumi na minne kasisi akambatiza Paulina. Lile la kwanza, la siku arobaini, alimwambia Zablon peke yake, wiki ile waliyooana, huku akicheka na kujifunika uso kwa khanga. Alitaka mumewe awe na kitu chake ambacho mwingine hana.

Yasinta aliingia mwaka elfu mbili kumi na tatu, msimu wa mavuno wa Machi. Alikuwa mjane wa mjini, ananunua zabibu shambani kwa kreti na kwenda kuziuza kidogo kidogo stendi. Hakuwa mzuri kuliko Paulina. Waliosema hivyo walikuwa wanatafuta sababu. Ila alikuwa na jambo moja: alimwita Zablon Fundi. Nyumbani aliitwa Baba Glady, kanisani ndugu Zablon, na wenye mashamba walimwita "we bwana". Yasinta alisimama katikati ya mistari ya mizabibu, mkono kiunoni, akauliza, "Fundi, shina hili mbona umeliachia matawi manne na lile mawili?" Kisha akasubiri jibu, kwa dhati. Zablon akaeleza. Alieleza mpaka jua likawa kali, na aliporudi nyumbani akajikuta bado anaeleza moyoni. Kufika Juni alikuwa hali chakula vizuri.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zablon alikitaka cha mvunguni, lakini hakutaka kuonekana ameinama. Kumwambia Paulina kwamba amempenda mwingine kulimshinda. Kumwambia kasisi kulimshinda zaidi. Na angemwambia shemeji yake Sila, kaka wa Paulina, pangechimbika, maana mume anayemfukuza mke asiye na kosa hana wa kumtetea. Basi akaanza kumtafutia Paulina kosa. Alilitafuta mwezi mzima, kwenye ugali, kwenye mlenda, kwenye namna anavyofunga kamba. Hakuliona.

Ndipo aliposikia habari za Kolo. Pale Kolo, mbele ya Kondoa, wanaposhukia wageni wanaokwenda kutazama michoro ya mapangoni, kulikuwa na fundi cherehani, mzee wa Kihindi aitwaye Gulamrasul. Baba yake alimwachia vitu viwili: sanduku la vipuri vya cherehani na kitabu cha nyota. Sanduku ndilo lililomlisha. Kitabu kilimletea wageni, wachumba, wagonjwa na watu wanaotaka kufungua duka, wa dini zote. Hakuwatoza kitu. Aliona ni amana.

Hesabu yake ilikuwa ya majina. Unataja lako na la mama yako, naye anapiga hesabu kwa penseli, kisha anakuambia nyota yako ni ya asili gani: moto, upepo, maji au udongo. Zablon akatoka maji.

"Na mkeo?"

"Paulina. Mama yake ni Lydia."

Mzee akahesabu. "Udongo. Maji na udongo, bwana, hapo ndipo mmea unapoota. Nenda salama, una bahati."

Zablon hakuinuka. Alitazama mikono yake, akatazama cherehani iliyofunguliwa mezani. "Mzee wangu, hilo ni jina la ubatizo tu. Nyumbani kwao anaitwa Matika."

Gulamrasul akamtazama juu ya miwani, akahesabu tena. "Maji. Maji kwa maji. Mtachoshana kidogo, lakini mtatulia."

Mtu mwenye nia safi angeaga hapo. Zablon akajisikia akisema, kwa sauti ya chini kama anayeiba, "Kuna lile alilozaliwa nalo. Nzala."

"Analitumia?"

"Ndilo la kwanza, mzee. Ndilo la kweli."

Penseli ilikawia kidogo juu ya karatasi. "Moto," alisema Gulamrasul hatimaye.

"Maji na moto?"

"Vikikaa chungu kimoja, kimoja kitakwisha."

Zablon alishusha pumzi, akamshukuru kwa mikono miwili. Ndani ya basi alikuwa mwepesi, alinunua hata karanga akamgawia jirani yake. Na la kushangaza ni kwamba kabla hajafika Dodoma alikuwa ameshaamini. Ndivyo tulivyo. Uongo tuliotengeneza kwa mikono yetu tunauamini sisi kwanza, kabla hatujampelekea mwingine.

Alimwambia Paulina Jumapili, walipotoka kanisani. "Mama Glady, si mimi. Nimekwenda kwa mtaalamu. Nyota zetu zinagombana. Mimi maji, wewe moto."

Paulina alifungua mdomo abishe. Zablon alipouona ule mdomo unafunguka alishikwa na hofu, akaongeza haraka: "Ni moto unaokula cha karibu. Ndiyo maana wale watoto wawili..." Hakumalizia, wala hakuhitaji. Mzee wa Kolo hakusema neno hata moja kuhusu watoto. Hilo Zablon alilibuni pale pale, amesimama mlangoni kwake na Biblia kwapani, na mimi ninayesimulia ninaweza kumsamehe mengi lakini hapo hukasirika kila nikifika.

Paulina alifunga mdomo. Alikaa chini, akakunja khanga yake mara mbili, akaikunjua. "Ningekuwa nimekosa, ningeomba radhi," alisema. "Sasa nyota nitaiomba radhi wapi?"

Kasisi alikuja mara mbili. Zablon akamjibu kwamba hata mamajusi walifuata nyota. Kasisi akasema, "Waliifuata kumwendea mtoto, ndugu Zablon. Hawakuifuata kumkimbia mke." Maneno hayo yalizunguka Mpunguzi nzima, watu wakacheka, lakini hayakubadili kitu. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakamtafuta mwenye kosa wasimpate. Kosa lingekuwa la mume, wangejua la kufanya. Lingekuwa la mke, vilevile. Nyota hawakuwa na adhabu yake. Ng'ombe wa mahari wakaachwa walipo. Sila, aliyekuja na fimbo, aliondoka nayo kwapani. "Shemeji," alisema, "sijui kupigana na kitu kilicho juu." Akamchukua dada yake wakaenda zao.

Yasinta alihamia kabla ya mavuno. Hakujua kufunga kamba wala hakutaka kujifunza, na Zablon hakujali. Alikuwa Fundi.

Mwaka elfu mbili kumi na sita Gladness, aliyekuwa ameolewa na seremala mmoja wa hapo hapo kijijini, Yoramu, alijifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi mama mzaa mama ndiye anayekuja kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Paulina alisita wiki nzima, akasema ile habari ya moto. Gladness akamlilia, "Mama, nitamwita nani mwingine?" Akaja. Kwa miezi mitatu alimwogesha yule mtoto na kumbeba mgongoni, na wanaomkumbuka wakati ule wanasema alikuwa anaimba, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa bibi harusi. Kisha mtoto akashikwa na homa. Zahanati walisema malaria. Alikata roho njiani, mgongoni kwa bibi yake, wakipelekwa hospitali ya mjini.

Makaburini Paulina alisimama mbali na watu. Mama mmoja alimwendea ili amshike mkono, naye akarudi nyuma. "Msinisogelee," alisema, na wote walimsikia. "Ni mimi. Nyota yangu imemla."

Zablon alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameshika jembe. Kasisi alikuwa amemaliza sala, watu wako kimya, pengine wakimsubiri mtu aseme neno. Neno lilimfika kooni. Alijua kabisa, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba hakuna nyota, kwamba ni yeye aliyeuwasha moto ule kwa mdomo wake. Lakini Sila alikuwa mbele yake na Yasinta nyuma yake. Akajiambia msibani si mahali pake, atasema siku nyingine, watu wakitulia. Akainama akaanza kufukia.

Siku nyingine haikuja. Gladness alipojifungua tena, mtoto wa kike, akamwita Lydia, jina la mama yake Paulina. Lakini Paulina hakumgusa. Alikuja kumwona, ndiyo. Alikuja kila Jumapili, akakaa juu ya jiwe nje ya ua wa minyaa, na Gladness akawa anamletea chakula pale. Akiwa na kitu cha kumpa mtoto, karanga au hindi la kuchoma, alikiweka chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo mtoto akaja kukiokota. Lydia alipoanza kuuliza maswali Gladness alimwambia, "Usimguse bibi, utaugua." Msimlaumu. Alikuwa ameshazika mmoja.

Huko nako Yasinta akachoka. Mwanamke anaweza kusikiliza habari za matawi misimu kadhaa, kisha anataka habari nyingine. Mwaka Lydia alipoanza kutembea, Zablon alirudi shambani akamkuta amefunga mizigo. Anakwenda Kibaigwa, kuna mfanyabiashara wa mahindi.

"Kwa nini?" Zablon aliuliza.

"Fundi, nimepima nyota," Yasinta alisema. "Hatupatani."

"Umepima kwa nani?"

Yasinta akamtazama, akacheka, na kicheko hakikuwa kibaya, kilikuwa cha mtu aliyekaa na siri muda mrefu. "Wewe ulipima kwa nani?" alisema. Akabeba mfuko wake akaenda barabarani kusubiri gari. Zablon hakumfuata wala hakumkasirikia. Hana haki ya kukasirika mtu anayelishwa chakula alichokipika mwenyewe.

Baada ya hapo aliishi peke yake. Alikata, akarudi nyuma akafunga, kazi ya watu wawili. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na yeye alikuwa na miaka mingi ya kuyalea. Alikuwa akijiambia atakwenda kusema. Mvua ikinyesha, atakwenda ikikatika. Ikikatika, msimu wa kupogoa. Paulina akiugua, haifai kumsumbua mgonjwa. Akipona, mbona sasa ametulia, ya nini kumtonesha?

Mwaka jana, Jumapili moja ya Agosti, alipeleka zabibu kwa Gladness. Alipokaribia aliona Paulina juu ya jiwe lake, na Lydia, ambaye sasa ana miaka saba, anatoka dukani na chumvi mkononi. Njia ilipita karibu na jiwe. Mtoto aliacha njia. Akazunguka mbali, kupitia kwenye miiba, jinsi watoto wanavyomzunguka mbwa wasiyemjua. Na Paulina, Zablon aliliona kwa macho yake, akageuza mwili wote upande wa pili ili mtoto apite bila hofu. Alifanya hivyo bila hata kuacha kula. Alikuwa amezoea.

Zablon aliziacha zabibu langoni, hakuingia.

Kesho yake alipanda basi la Kolo. Gulamrasul alikuwa amezeeka sana, cherehani sasa anazitengeneza kwa kupapasa. Zablon akamwamkia, akaanza kujieleza, mzee akamkatiza.

"Wewe ndiye wa majina matatu."

"Unanikumbuka, mzee?"

"Walikuja wengi. Wa majina matatu alikuja mmoja."

Zablon akamsimulia yote, Yasinta, kaburi, jiwe, mtoto na miiba. Kisha akatoa ombi lililomleta. "Nakuomba twende wote. Umwambie hesabu ilikosewa. Wewe akikusikia ataamini."

"Hesabu haikukosewa," mzee alisema. "Nilikupa majibu matatu. Ukaacha mawili, ukachukua moja."

"Basi mwambie hivyo."

"Nimwambie mimi?" Gulamrasul akaweka bisibisi chini. "Bwana, mimi nilimtaka Yasinta?"

Kisha mzee akasema kwa sauti nyingine, "Nina langu. Ulipolitaja lile la tatu nilijua unatafuta nini. Ningefunga kitabu. Sikukifunga, maana nilitaka uondoke, nilikuwa na cherehani ya watu inasubiri. Hilo nitalijibu mimi. Lako kalijibu wewe."

Jumapili iliyofuata Zablon alimkuta Paulina pale pale, sahani ya ugali na mlenda mapajani. Ndani ya ua Gladness alikuwa anaanika nguo na Lydia anaruka kamba.

"Mbukwa, Mama Glady."

"Mbukwa."

Alisimama, hakukuwa na pa kukaa. Akaanza na mvua, akaingia kwenye afya ya Sila, akarudi kwenye mvua. Paulina akamkatiza. "Baba Glady, una neno. Liseme, chakula kinapoa."

"Nyota yako si moto."

Paulina akaiweka sahani chini.

"Kule Kolo nilitaja Paulina, ikatoka tunapatana," Zablon alisema. "Nikataja Matika, tukapatana. Nikaona hapana. Nikataja..."

"Ukataja lipi?"

"Nzala."

Kamba ya Lydia ilisikika ikipiga chini, mara kadhaa. Gladness alikuwa ameacha kuanika.

"Hilo nilikuambia wewe tu," Paulina alisema.

"Ndiyo."

"Na zile mimba mbili? Mzee alisema ni mimi?"

"Hakusema. Nilisema mimi."

"Kwa nini, Baba Glady?"

Njia nzima alikuwa amejiandalia majibu. Shetani alimpitia. Ujana. Yasinta alimroga. Aliyatazama moja moja akaona ni nyota ile ile kwa majina mengine, akayaacha. "Nilimtaka Yasinta," alisema. "Nilimtaka, nikaona haya kusema. Hakuna aliyenituma."

Alitarajia kilio, au jiwe la kichwa. Paulina alimtazama tu, na alipozungumza alizungumza taratibu, kama mtu anayetafuta kitu chumbani gizani.

"Miaka kumi na miwili," alisema, "nimekuwa najua uliniacha kwa kulazimika. Nilikuwa nakuonea huruma. Nilikuwa nakuombea kanisani, wewe na huyo mwenzio, kwamba nanyi mmebeba lenu. Nilijiambia, isingekuwa nyota tungekuwa bado tunafanya kazi pamoja. Sasa unaniambia hukunitaka."

"Ndiyo."

"Basi hata hicho umekichukua."

Zablon alianza kulia. Paulina akasema, bila ukali, "Usilie hapa. Hapa si pako pa kulilia." Kisha akauliza lile ambalo Zablon aliliogopa kuliko yote. "Na mtoto? Yule niliyembeba?"

"Ilikuwa malaria, Mama Glady. Malaria tu."

"Siku ile makaburini, ulijua?"

"Nilijua."

Gladness alikuwa amesimama langoni na shati la Yoramu mkononi, linachuruzika maji. Alisema neno moja, "Baba." Lile shati lilimdondoka kwenye vumbi na hakuna aliyeliokota.

Paulina akainuka. Akajipangusa mikono kwenye khanga, mbele na nyuma, akampita Zablon, akampita binti yake, akaingia ndani ya ua kwa mara ya kwanza tangu Lydia azaliwe. Mtoto akaacha kuruka. Akarudi nyuma hatua mbili, mpaka ukutani.

"Njoo," Paulina alisema. Alipiga magoti na kunyoosha mikono. "Njoo, mjukuu wangu."

Lydia akamtazama mama yake. "Mama, si ulisema nikimgusa bibi nitaugua?"

Gladness alimgeukia baba yake, na Zablon akaelewa kwamba jibu hilo haliwezi kutolewa na mwingine yeyote pale. Akaingia, akachuchumaa pembeni ya Paulina, mbali kidogo.

"Hutaugua," alisema. "Babu alisema uongo."

"Kwa nini?"

"Babu alitaka kumwacha bibi yako. Akaona haya. Akamsingizia."

Lydia alifikiri. "Kwa hiyo bibi haui watoto?"

"Haui. Hakuwahi."

Mtoto aliwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaificha mikono nyuma ya mgongo, kama alivyofundishwa, akabaki amesimama pale ukutani. Paulina hakuishusha yake.